Durga wa Vitambaa

Sifumbi macho watu wanapoomba. Nilianza nikiwa darasa la kipaimara, kwa swali ambalo kwangu lilikuwa dogo: kama Mungu anaona kila kitu, kwa nini sisi tusione chochote tunapozungumza naye? Mwalimu akasema maswali mengine huletwa na shetani. Tangu siku hiyo nikayaacha macho wazi, kwanza kwa ukaidi, baadaye kwa mazoea. Nimeona mengi. Nimeona mzee wa kanisa akikwangua tope la shambani kwenye soli ya kiatu kwa ufunguo. Nimeona wanakwaya wawili wakigawana bigijii ya kutafuna. Nimemwona mama yangu, kila Jumapili, amefumba macho kwa nguvu hadi ngozi ya paji inakunjamana, kama mtu anayevuka moshi.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimerudi nyumbani kwetu Moshono, pembezoni mwa Arusha, na shahada ya sosholojia na sina kazi inayonikaa. Nilifundisha muhula mmoja, nikaacha. Nikaingia kampuni ya utalii, nikaacha siku walipotaka niwaambie wageni kwamba Wamasai hawajabadilika tangu enzi. Usingizi ulikuwa mchache, miguu haitulii. Nilikuwa nikishuka mjini kwa miguu, nikapanda tena, nikijibizana na watu ambao hawapo.

"Wewe ni kama kuku anayetafuta pa kutaga," mama aliniambia. "Njoo basi utagie kwenye cherehani."

Mama ni fundi. Cherehani yake iko barazani mwa duka moja katika mitaa ya zamani ya Arusha, si mbali na hekalu la Wahindu. Kila mwaka, kabla ya siku zao tisa za kumwadhimisha Mama Mungu, anawashonea wasichana wa Kihindu sketi pana za kuchezea zenye vioo vidogo. Mteja wake mkubwa ni mjane mmoja, mzaliwa wa Arusha, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, ambaye humwita mama "Fundi" na mimi huniita "beti", yaani binti yangu. Ndiye aliyekuja mchana mmoja wa Septemba na kikapu, akatoa kitambaa kikubwa kilichoviringwa, akakitandaza juu ya meza ya kukatia.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, beti. Tazama msiba. Panya wamemla Mama yetu."

Kilikuwa kitambaa cha kutundika ukutani, chenye sura ya Durga, mungu mke wa vita, amepanda simba. Simba alikuwa na matundu kuanzia shingoni hadi mkiani.

"Simba mzima, kaliwa na panya," mama akasema.

"Ndiyo hivyo. Ukumbi wa hekalu hauwezi kukaa mtupu siku tisa. Nishonee mwingine."

"Agizeni India."

"Wa India atafika tumeshamaliza kucheza. Wewe umeshona sketi zetu miaka yote. Shona na mwenyewe anayechezewa."

Mama alifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Mimi Mlutheri, mama."

"Nani kakuambia umwabudu? Nimesema ushone."

Akaweka mezani picha ya kalenda ili iwe mfano. Mama akaiinua kwenye mwanga, akaitazama kama anavyotazama kitambaa cha mtumba, akitafuta dosari.

"Mikono yote hii," akasema, "na hakuna hata mmoja ulioshika mtoto. Mama gani huyu?"

"Watoto ndio sisi. Angetubeba angepigana saa ngapi?"

Mimi tayari nilikuwa nimeshaacha sketi niliyokuwa napindia. Nikauliza silaha zile ni za nini. Mjane akaketi kwenye kigoda, akanisimulia huku akizionyesha kidole: mkuki wa ncha tatu, kisahani chenye makali, upinde, upanga, radi. Kila kimoja alipewa na mungu mmoja wa kiume. Chini ya mguu wake kuna nyati, na huyo nyati ni zimwi lililokuwa limejipatia ahadi kwamba halitauawa na mwanaume yeyote, awe mtu au mungu. Miungu ikapigana nalo, ikashindwa.

"Na mwanamke?" niliuliza.

"Mwanamke halikumtaja. Halikudhani."

"Halikudhani nini?"

"Halikudhani, beti. Basi."

Nilisema basi hapo mimi naona jambo lingine. Wanaume wameshindwa, wamekusanya silaha zao, wamemsukuma mwanamke mbele. Akifa, kafa yeye. Akishinda, silaha ni zao.

Mjane alicheka hadi akavua miwani. "Fundi, huyu umemlisha nini?"

"Shule," mama akasema, bila kuinua kichwa.

"Na mkono huu mtupu, aliounyoosha kiganja?" niliuliza.

"Huo unasema: usiogope."

"Mimi nilidhani ni trafiki wa Tengeru," mama akasema. "Nikasema kumbe hata kwao magari yanasimamishwa."

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya adabu. Lakini nilikuwa na mwasho wangu wa kuuliza. Nikamuuliza mjane: siku tisa mnamwita mama wa ulimwengu wote, mnamzunguka mkipiga makofi; nyumbani kwenu, chakula kikiiva, nani anakula kwanza?

Akavaa miwani tena, polepole. "Wanaume. Mke wa mwanangu anakula mwisho, kama nilivyokula mimi. Umefurahi?"

Sikufurahi. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza, na siyo kwa mzaha.

Jioni ya siku hiyo hiyo, tukiwa nyumbani tunachambua mchicha, baba mkubwa alipiga simu. Mama aliweka sauti wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji.

Inabidi nieleze kihamba. Ndivyo tunavyoliita shamba la ukoo, kahawa chini ya migomba. Fungu la baba yangu liko juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa mlima Meru, na mfereji wa maji unapita katikati. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, na kaburi lake liko pale, kando ya mfereji. Mama ndiye aliyekitunza tangu hapo. Kila Jumamosi anafunga cherehani, anapanda mlimani, anapalilia, anachuma kahawa, anaweka ua kaburini, anashuka na mkungu. Nguo anashona kwa ajili ya watu. Kule ndiko anakokwenda kwa ajili yake.

"Shemeji," baba mkubwa alisema, "Jumamosi ijayo njooni, tukae kama ukoo. Lile fungu la marehemu tulirudishe nyumbani."

"Limekwenda wapi?" mama akauliza.

"Hujalielewa neno langu. Wewe una binti tu, na binti ataolewa. Kuna bwana kutoka mjini anataka kujenga vibanda vya wageni, wautazame mlima. Hatukufukuzi. Utakuja kutembea wakati wowote. Na msomi wetu naye aje, asikie."

Mama akasema, "Nimesikia, shemeji." Simu ikakatika. Akarudi kwenye mchicha.

Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nikamwambia sheria ya ardhi inasema hivi na hivi, mjane ana haki, kuna baraza la kata, twende kesho asubuhi. Aliniacha nimalize.

"Nikimpeleka ndugu wa mume wangu barazani, nani atanisaidia kuzika?"

"Kwa hiyo utakubali?"

"Sijasema nitakubali."

"Utasema nini basi?"

"Sijui. Chambua."

Kulikuwa na siku chache kati ya simu ile na Jumamosi, na katika siku hizo mama alimshona Durga. Alimkata kwa vipande vya nguo zilizobaki: ngozi kutoka kitenge cha rangi ya kahawia, sari kutoka hariri nyekundu ya mteja mmoja, simba kutoka pazia la manjano. Aliyemfurahisha mama zaidi ni nyati. Alimjua. Utotoni mwake mbogo walikuwa wakishuka kutoka msituni mlimani wakavunja migomba, na alimpa mnyama yule shingo nene, pembe zilizopinda sawasawa, na macho mawili ya vifungo vyeusi yaliyokutazama popote uliposimama.

Mimi nilipindia kingo na kuuliza. Nilitaka kujua alama inafanya kazi gani hasa. Kanisani kwetu kila mwaka katika wiki ya wanawake husemwa kwamba mama ni nguzo ya nyumba, na wanaume hupiga makofi. Nguzo haisemi. Nguzo inabeba paa, na watu wanaegemea. Je, yule mwenye silaha mikononi ni tofauti, au naye ni nguzo iliyochorwa vizuri zaidi? Nguvu yake inakwenda wapi siku ya kumi, ukumbi ukifagiliwa? Na kama nguvu hiyo ni ya wanawake wote, mbona mimi niliyesoma kuihusu sina, na mama yangu anasema "nimesikia, shemeji"?

"Unaniuliza mimi au unauliza pazia?" mama alisema.

"Nawauliza wote."

"Basi subiri pazia lijibu. Mimi nina mikono miwili."

Mjane alikuja Alhamisi kutazama kazi. Tulimtundika Durga kwenye msumari wa ukutani, na mimi, nakiri, nilipigwa na butwaa. Alikuwa mkubwa, mwekundu, silaha zimepangwa kama miale kuzunguka mabega. Mjane alisogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande.

"Fundi. Amelala."

"Nani?"

"Mama. Nyati anaona. Simba anaona. Mama mwenyewe amefumba macho! Nani anapigana na nyati usingizini?"

Kwa kweli, badala ya macho mama alikuwa ameshona mistari miwili ya uzi mweusi iliyoinama chini, na kope nzuri sana. Mimi niliyejidai kuona kila kitu sikuwa nimeona kosa. Kwangu sura ile ilikuwa sawa kabisa. Ilikuwa sura ya mwanamke mtakatifu kama nilivyoizoea.

Mama alikuwa na maelezo yake. "Picha ile inamkodolea mtu macho. Mimi nikaona mtu anayeombwa hapaswi kukodoa. Nikamwinamisha, awe na adabu."

"Adabu ya nani?" mjane akauliza.

Mama akashika pindo la kitambaa, akalinyoosha.

"Fundi, sikiliza. Sisi hatuendi pale kumwona yeye tu. Tunakwenda atuone. Mtu ana mgonjwa nyumbani, ana shida, anasimama mbele yake ili aonwe. Asipotuona tumecheza bure, tumechoka miguu bure. Nasikia Wabengali kule India wanaomfinyanga kwa udongo huacha macho hadi mwisho, kwa sababu akishapata macho, ameshafika. Wewe umemleta hadi mlangoni ukamfunika."

"Nitayafungua," mama akasema.

Hakuyafungua siku hiyo. Alifumua ule uzi, akabaki na sura tupu. Alijaribu vifungo kama vya nyati, akavitoa. Vilimfanya aonekane ameshtuka. Alijaribu kuchora kwa chaki. Kila mara alikuwa akisimama, anatazama, anafuta kwa kidole gumba.

Ijumaa mchana akaniita. "Kaa hapa mbele yangu. Nitazame kama unavyowatazama watu kanisani."

"Unajuaje?"

"Mzee wa kanisa aliniambia."

"Na yeye alikuwa amefumba?"

"Usichekeshe. Tazama."

Nikamtazama. Aliniangalia machoni, akaangalia kitambaa, akaniangalia tena, sindano ikienda. Sikumbuki kama tuliwahi kutazamana hivyo. Nilifundishwa tangu mdogo kwamba mtoto hamkazii macho mzazi, na yeye alifundishwa hayo zaidi yangu: kwenye vikao vya ukoo huketi mikono mapajani, macho kwenye mkeka. Sasa nilikuwa nimelazimishwa kukaa kimya na kumwangalia mama, na nikaona kwamba kope zake zinatetemeka kidogo kila anaponitazama muda mrefu, kama mtu aliyetoka jikoni kwenda juani.

"Kesho utasema nini?" nikamuuliza.

"Usiongee. Macho yanasogea."

Jumamosi asubuhi tulimpelekea mjane kazi yake ukumbini, kabla ya kwenda Tengeru. Vijana walimtundika. Mjane alisimama mbele, akasogea hatua kulia, akasogea kushoto, akakunja viganja pamoja.

"Ananiona," akasema. Kisha akanigeukia. "Ana macho ya mtu mwenye maswali, lakini anaona."

Alimpa mama sahani ya peremende za maziwa, wakaanza kuzungumza kuhusu sketi. Nilipogeuka mlangoni nilimwona mama yangu peke yake mbele ya kitambaa. Akasogea kidogo kulia. Kisha kushoto.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa baba mkubwa, nyumba iliyo juu kidogo ya kihamba chetu. Kupitia dirishani migomba ya baba ilionekana, na juu yake mlima umejifunika wingu. Kulikuwa na baba mkubwa mwenyewe kwenye kiti cha mikono, baba mdogo, shangazi, na wazee wawili wa ukoo. Mama alikaa kwenye kochi mkabala na baba mkubwa. Mimi nilipewa stuli nyuma ya baba mkubwa, karibu na mlango, pale wanapokaa mabinti ili waamke haraka kuleta maji.

"Msomi wetu," baba mdogo akanitania, "umepata kazi au bado unaitafakari?"

"Bado naitafakari, baba mdogo."

"Itafakari vizuri, isije ikakupata."

Tulikula loshoro, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, na watu walisifu maziwa. Baada ya hapo baba mkubwa akaongea. Aliongea vizuri, siwezi kumnyima. Alimkumbuka marehemu, akasema mama ni mke ambaye ukoo unajivunia, nguzo kabisa. Akasema ardhi ni ya damu. Wazee wakaitikia kwa koo. Shangazi alitazama vidole vyake. Mama alikuwa na macho kwenye mkeka, mikono mapajani. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili shangazi akanitikisia kichwa.

"Shemeji, una neno?" baba mkubwa akauliza.

"Nimesikia," mama akasema.

"Basi tuombe."

Ndivyo mambo yanavyofungwa kwetu. Hakuna anayepiga kura, hakuna anayetia sahihi. Mkubwa anasimama, anamweleza Mungu yaliyokubaliwa, watu wanasema Amina, na baada ya Amina hiyo kulifungua jambo tena ni kugombana na Mungu, siyo na shemeji. Nililijua hilo. Ila sikuwahi kulitazama.

Wote wakainamisha vichwa. Mimi, kama kawaida, sikuinamisha. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa baba mkubwa, koti lake la Jumapili, na sauti yake ikitoka upande wa pili: Bwana tunakushukuru kwa chakula, kwa amani ya nyumba hii, kwa marehemu uliyempumzisha. "Na tunakushukuru, Bwana, kwa moyo wa dada yetu, ambaye leo kwa hiari yake anakirudisha kihamba hiki kwa..."

Nikachungulia kando ya kiwiko chake, na nikamwona mama.

Macho yake yalikuwa wazi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameyaelekeza usoni mwa baba mkubwa, na kope hazikutetemeka.

"Bado," akasema.

Maombi yalikatika. Sijawahi kusikia maombi yakikatika. Vichwa vikainuka kimoja kimoja.

"Shemeji," baba mkubwa akasema kwa upole wa kutisha, "tuko kwenye maombi."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nasema sasa, kabla hujamaliza. Mwambie Bwana kwamba sijakubali. Kaburi liko pale, kahawa napalilia mimi, na binti yangu ni wa damu ile ile. Mwambie hivyo, kisha sote tuseme Amina."

Baba mdogo alianza kitu kama kicheko, akakigeuza kikohozi. Mzee mmoja akasema mambo haya hayajawahi kutokea. Mwenzake akasema, "Lakini hatuwezi kumwambia Mungu uongo, si ndiyo?" na aliuliza kweli, akiwatazama watu mmoja mmoja. Shangazi, ambaye aliolewa mbali na hakupata hata mche wa mgomba kwao, akakunja kanga yake vizuri mapajani na kusema, "Wifi amesema. Maliza maombi, kaka."

Baba mkubwa hakuyamalizia. Alikaa. Akasema kikao kimeahirishwa, na hakusema hadi lini. Yule bwana wa vibanda alikuwa aje saa kumi kunywa soda. Nilimsikia baba mdogo nje akimwambia kwenye simu asijisumbue leo.

Tulishuka kihambani. Mama alivua viatu vya kanisani, akachukua panga lililochomekwa kwenye paa la kibanda, akakata mkungu mkubwa ulio karibu kabisa na njia, pale ambapo dirisha la sebule lingeuona. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumhoji, nilikuwa nazunguka shina la mgomba kama mbwa.

"Ni yule, siyo? Ulikuwa unamfikiria yule Durga."

"Yule ni kitambaa," akasema. "Nishikie hapa, utomvu utanichafua."

"Sasa ilikuwa nini?"

Alifuta panga kwenye jani.

"Nilitaka tu kumwona usoni. Miaka yote ananiombea. Baba yako alipokufa aliniombea, ulipokwenda chuo aliniombea, na sijawahi hata siku moja kumwona uso akiwa anaomba. Nikasema leo nitazame."

"Ukamwonaje?"

Mama aliinua mkungu, akauweka begani, akaanza kushuka. Nilimfuata nikiwa na viatu vyake mkononi.

"Alikuwa amefungua macho," akasema. "Anatazama dirishani, anaipima migomba."